Garissa, mbio ni kabla ya jua

Ukitaja mazoezi ya mbio, wengi hufikiria Iten, mita 2,400 juu ya bahari, kwenye baridi na ukungu. Garissa iko mita 150 hivi tu, na mchana joto hupita nyuzi 35. Lakini anayejiandaa kwa nusu marathoni, kilomita 21 na ushei, atafunzwa mengi hapa.

La kwanza ni saa. Nilikuwa nikitoka baada ya swala ya alfajiri. Kufikia saa mbili jua limekwisha kuwa kali. Katika joto moyo hufanya kazi mbili, kulisha miguu na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Punguza mwendo, kunywa maji kabla ya kiu, wala usijitose Mto Tana kujipoza. Mamba wamo!

Jamaa wa Nairobi huuliza kwanza kuhusu usalama, na wana sababu. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na masomo yakaendelea. Basi usikimbie kwa kubahatisha: waulize wenyeji njia iliyo salama. Watakuelekeza, na ukirudi watakukaribisha chai ya maziwa ya ngamia.