Mkebe wa Kuponi wa Shangazi

Nilipofika Portsmouth mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja na koti la kuazima lililonifika magotini, jambo la kwanza ambalo shangazi yangu alinifunza katika nchi ile ya ugeni halikuwa lugha wala njia ya kwendea shule, bali namna ya kubandika stempu. Baada ya sala ya isha alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akaweka kisahani chenye sifongo iliyoloweshwa maji, akatoa mkobani msokoto wa stempu za kijani pamoja na kitabu chembamba chenye miraba mitupu, kisha akaniambia, "Mwanangu, usirambe kwa ulimi, maana gundi hii hatujui imetengenezwa kwa kitu gani. Chovya, bandika, kandamiza." Nikachovya, nikabandika, nikakandamiza, hata vidole vikanata, na ukurasa ulipojaa aliupepea kwa mkono wa baibui lake ili ukauke kabla ya kuufunika.

Stempu zile ziliitwa Green Shield, na aliyezianzisha Uingereza mwaka 1958 alikuwa mfanyabiashara Richard Tompkins, aliyeiga desturi iliyokwisha kuota mizizi Marekani tangu kampuni ya Sperry na Hutchinson ilipoanza kutoa stempu za namna hiyo mwaka 1896. Kwa kila peni sita za hesabu ya kale, ambazo baada ya sarafu kubadilishwa mwaka 1971 zilikuwa peni mbili na nusu mpya, mnunuzi alipewa stempu moja; na kitabu kilitaka stempu 1280 ili kijae, ambazo ukizipiga hesabu ni manunuzi ya pauni 32, fedha iliyokuwa nyingi kwa mwanamke aliyeshona mapazia kwa ujira wa kipande. Vitabu vilivyojaa vilipelekwa katika duka la zawadi, vikabadilishwa kwa blanketi, birika, saa ya ukutani au chochote kilichopigwa picha katika orodha yao. Shangazi alitamani mizani ya jikoni. Tulikusanya kwa muda mrefu, na siku tuliyoileta nyumbani alipima mchele ratili moja, akaumimina katika kibaba alichotoka nacho Unguja ili aone vipimo viwili vile vinasalimianaje.

Ili msomaji afahamu kwa nini stempu zile zilimwingia moyoni, sina budi kumrudisha nyuma kidogo, hadi mtaani kwetu Malindi, Unguja, ambako mwenye duka, akisha kupima kibaba cha mchele na kukisawazisha kwa kiganja, alichota konzi moja zaidi akaitia juu, na konzi ile ikaitwa nyongeza. Nyongeza haikuandikwa popote wala haikudaiwa. Ilitoka mkononi mwa mtu aliyekujua wewe, na baba yako, na deni lenu la mwezi uliopita. Waliohamia Portsmouth baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, mji uleule ambamo Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa wakati ule, aliishi hadi mwaka 2020, waliikosa nyongeza kama walivyolikosa jua. Basi shangazi alipopewa stempu zake za kwanza na keshia asiyemjua kwa jina wala kwa sura, alizipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa alizitambua mara moja: ilikuwa konzi ya mchele iliyobadilishwa ikawa karatasi.

Jirani yetu, bibi wa Kiingereza mwenye asili ya Lancashire, ndiye aliyetufahamisha kwamba hata kwao jambo hili lina nasaba ndefu. Katika mkoa wao, mjini Rochdale, mwezi Desemba mwaka 1844, kikundi cha watu wa kazi kilifungua duka la ushirika lililogawa faida kwa wanachama wake kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Na yeye, ijapokuwa alikuwa amepindukia miaka sabini, aliweza kuitaja bila kusitasita nambari ya uanachama wa ushirika ya mama yake, aliyokuwa akiitaja kaunta kila alipotumwa mkate utotoni. Shangazi alimstahi sana bibi yule kwa ajili ya nambari ile.

Naam, ilikuwa jikoni mwa jirani huyo ndimo shangazi alimopata elimu ambayo mimi naiita kupandanisha. Viwanda vya sabuni vilisambaza kuponi milangoni, kila moja ikiahidi kupunguza peni kadhaa. Maduka nayo yaliteremsha bei ya bidhaa hii wiki hii na ile wiki ijayo. Na tena baadhi yao yalitangaza siku za stempu maradufu, huku vituo vya petroli vikishindana hata kutoa mara nne. Mnunuzi mwenye haraka aliitumia kuponi siku ileile aliyoipata. Shangazi aliiweka. Aliingoja hadi duka literemshe bei ya sabuni ileile, akaingoja tena hadi siku ya maradufu, ndipo akaenda, akapata punguzo la kiwanda juu ya punguzo la duka, na stempu juu ya yote mawili. Nilipomuuliza, kwa wasiwasi wa mtoto aliyelelewa katika chuo cha Kurani, kama jambo hilo si hila, alinijibu kwamba kila mmoja katika hao amekwisha ahidi kwa maandishi, na kumwomba mtu atimize ahadi yake si kumdhulumu. Jibu hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile, wala sijaona kasoro ndani yake.

Mwaka 1977 kampuni ya maduka ya Tesco iliziacha stempu, ikatangaza kwamba gharama yake sasa itakwenda katika kushusha bei, na baada ya hapo stempu za kijani zikaanza kunyauka madukani kama majani ya kiangazi. Tompkins mwenyewe alikuwa amekwisha anzisha maduka ya Argos tangu 1973, ambamo watu walichagua vitu katika orodha vilevile lakini wakalipa fedha. Bei ziliteremka kweli, na shangazi aliyekuwa na watoto wanne wa kulisha hakuwa mtu wa kulilia karatasi. Hata hivyo sifongo ile aliendelea kuiweka dirishani miaka mingi.

Ndipo ukaja wakati wa mkebe. Ulikuwa mkebe wa biskuti, na ndani yake mlikuwa na bahasha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na kila kuponi iliwekwa katika bahasha ya mwezi ambao muda wake ungekwisha. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa aliifungua bahasha ya mwezi uliokuwapo, akazipanga kuponi mezani kama mtu apangaye karata, akaandika pembeni mwa kila moja, kwa hati za Kiarabu ili watu wa dukani wasisome, bei ya chini kabisa aliyopata kuiona bidhaa ile ikiuzwa. Chini ya kuponi nyingi palichapwa kwa herufi ndogo mno kwamba thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya elfu ya peni. Nasi tulipiga hesabu tukaona kwamba mtu angehitaji kuponi laki moja apate pauni moja. "Basi karatasi hii haina thamani," nikasema. Akanijibu, "Ina thamani siku yake na mahali pake. Nje ya hapo ni takataka."

Siku moja, nadhani ni mwaka 1986, keshia wa duka moja ambalo silitaji aliinua kuponi ya shangazi juu ya taa, akaigeuza, akamwita msimamizi kwa sauti iliyosikika na foleni nzima, kana kwamba mwanamke yule mwenye mtandio alikuwa ameleta noti ya bandia. Shangazi hakupandisha sauti. Alivaa miwani yake, akasoma masharti ya kuponi neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha matamshi ya Kiunguja, hata akafika kwenye tarehe, na tarehe ilikuwa imebakiza siku tatu. Msimamizi akaikubali, wala hakuomba radhi. Tulipotoka nje nilikuwa nalia kwa hasira, naye akanipa mfuko mmoja nibebe, akasema kwamba peni kumi na tano ni peni kumi na tano.

Mabadiliko makubwa kupita yote yalikuja Februari 1995, Tesco ilipoeneza nchi nzima kadi yake ya Clubcard, iliyotoa pointi kwa kadiri ya manunuzi na hati za punguzo kwa posta kila baada ya miezi mitatu. Waliochambua hesabu za majaribio yake walikuwa Clive Humby na Edwina Dunn, na inasimuliwa kwamba mwenyekiti wa kampuni, Ian MacLaurin, alipoonyeshwa matokeo alikiri kuogofywa na jinsi walivyowajua wateja wake zaidi kwa miezi mitatu kuliko alivyowajua yeye kwa miaka thelathini. Shangazi alikataa kadi ile mwaka mzima. Stempu, alisema, hazikumwuliza jina. Alipokubali hatimaye, bahasha moja ilileta kuponi za mchele wa basmati na tui la kopo; akazishika mkononi muda mrefu bila kusema, kisha akauliza, "Nani amewaambia?" Nikamweleza kwamba ni yeye mwenyewe, kila alipoitoa kadi. Akazitia katika mkebe, kwa kuwa tui lilikuwa ghali, lakini nilimwona akiigeuza bahasha tupu kutazama nyuma yake.

Mwaka 2002 ilifuata kadi ya Nectar, iliyounganisha maduka mbalimbali katika hesabu moja, na miaka ikapita hivyo pasipo tukio la kusimuliwa.

Lakini tangu mwaka 2019, Tesco ilipoanza kuweka bei maalumu kwa wenye kadi, na wengine wakafuata, asili yenyewe ya jambo hili imegeuka. Hapo zamani bei ilikuwa moja kwa wote, na juu yake akaja mwenye bidii kuchukua nyongeza; leo rafu ina bei mbili, na asiye na kadi hulipa ile ya juu hata kama ni mgeni aliyeingia kununua chupa moja ya mafuta. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilichunguza bidhaa zipatazo 50,000, na Novemba 2024 ikatangaza kwamba katika asilimia 92 ya hizo punguzo la wenye kadi lilikuwa la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya dukani humo. Naiamini taarifa hiyo. Kinachoniuma ni jambo jingine, ambalo mamlaka hiyo nayo iliwakumbusha wenye maduka: kwamba wapo wazee na watu wasio na simu janja ambao bei nafuu hawaifikii.

Nimeliona kwa macho yangu. Shangazi, ambaye sasa amepita miaka themanini na tano, alisimama mbele ya rafu ya samli, akasoma bei mbili, akaambiwa kwamba kuponi ya wiki ile imo ndani ya simu tu. Naye hana simu ya namna hiyo. Mwanamke aliyeshinda maduka ya mji mzima kwa mkebe wa biskuti aliirudisha samli mahali pake, akaigeuza nembo yake itazame mbele, akaondoka.

Tangu siku ile, kila Jumamosi asubuhi, nakwenda kwake na simu yangu. Yeye ananitajia haja za nyumba na bei ya chini anayoikumbuka. Mimi nabonyeza kuponi, nalinganisha bei za kadi, nahesabu pointi. Na bado tunapandanisha kama zamani, isipokuwa sasa anabandika mwingine. Nawaomba vijana wetu, wa Portsmouth na wa kila mji wa ugenini wenye rafu za bei mbili, wasiende dukani kabla ya kupita kwa wazee wao, wakaketi nao robo saa na karatasi ya mahitaji, na risiti wakawarudishie mkononi mwao.