Panda na Pandisha

Katika maandishi ya Wachina iko alama 登, isomwayo deng, ambayo maana yake ya kwanza ni kupanda. Sehemu yake ya juu yatokana na picha ya nyayo mbili. Ya chini yafanana na chombo chenye mguu. Katika maandishi ya kale ilionekana pia mikono miwili ikikiinua chombo hicho. Aliyepanda, basi, hakupanda mikono mitupu.

Matumizi ya alama hii hayamshangazi sana msemaji wa Kiswahili. Mchina huitumia kwa mlima na kwa ndege, kama Mswahili apandavyo mlima akapanda na meli. Huitumia pia kwa jina litiwalo daftarini na habari itolewayo gazetini. Hapo njia zaachana, kwani katika Kiswahili jina huandikishwa, halipandi. Bei nayo hupanda katika Kiswahili, lakini Mchina huitafutia neno jingine. Na apandaye kwa kutambaa huandikiwa 爬, isomwayo pa, yenye alama ya ukucha ubavuni. Mswahili aliyeukumbatia mnazi kwa mikono na magoti husema anaparaga.

Mwanafunzi aweza kudhani kuwa panda ni tafsiri maskini ya 登, maana haionyeshi mikono wala chombo. Dhana hiyo na ipelekwe Mwanza ikapimwe. Mji ule umesimama juu ya mawe. Katika vilima vya Igogo na Mabatini nyumba zimeshikana na majabali, na vijia vingi havipitiki kwa gari. Bomba lisipotoa maji, mama huteka chini, akapanda na ndoo kichwani. Naye husemwa kuwa anapandisha maji. Silabi moja imeongezwa, na mzigo umeonekana. Kile alichokichora Mchina kwa mikono miwili, Mswahili amekitia katika mnyambuliko.

Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo 3 na lililojengwa na makampuni ya Kichina, limewaondolea wasafiri haja ya kupanda kivuko ili kuvuka Ghuba ya Mwanza. Ghuba imepata daraja. Vilima vingali vyapandwa kwa miguu. Mfasiri atakayeandika panda akaacha pandisha atakuwa amemwona mwenye kwenda, na ndoo yake hakuiona.