Waliniita 'Baunsa', kumbe ni maradhi!

Jamani wasichana wenzangu, leo acheni niwamegee yangu. Yanachekesha, ila mwisho wake si wa kucheka.

Nilipovunja ungo, wenzangu walianza kujaa, hapa na pale, mnajua wenyewe. Mimi nikawa nakauka. Mikono na miguu ikabaki misuli na mishipa, makalio hakuna, huku uso na shingo vikinona. Vijana wa kijiweni wakanibatiza: Baunsa! "Baunsa, unabeba vyuma wapi?" Wala sijawahi kubeba hata ndoo mbili kwa mpigo.

Nilipozoea nikaanza kujidai. Mashosti wanajinyima chipsi, mimi napiga sahani na mayai juu. Sina kitambi, nani wa kunieleza? Hata shingo ilipoanza kuwa nyeusi, nilisugua na dodoki nikidhani ni uchafu.

Usiku mmoja tumbo likanikamata, maumivu mpaka mgongoni. Hospitali wakakuta kongosho limevimba, damu imejaa mafuta na sukari iko juu. Daktari akanitazama miguu, akauliza: "Mama yako naye yuko hivi?"

Nikanyamaza. Mama alikuwa hivi hivi. Sukari ilimwondoa akiwa na miaka 46, nasi tukashangaa mtu mkavu vile sukari kaitoa wapi.

Kumbe ni lipodistrofia ya kurithi, maradhi ya nadra. Aina yangu ilielezwa na Dunnigan huko Scotland mwaka 1974, na kasoro yenyewe, kwenye jeni iitwayo LMNA, ikagunduliwa mwaka 2000.

Mafuta ya chini ya ngozi ni stoo ya mwili. Nyumba ikikosa stoo, magunia utayapanga wapi? Koridoni na chumbani. Ndivyo mafuta yangu yanavyojazana kwenye ini na ndani ya misuli. Sasa, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, na insulini ndiyo inayopiga hodi. Mlango ukizibwa na magunia, insulini inabisha, misuli haifungui, sukari inabaki kuzurura kwenye damu. Kongosho linaongeza insulini mpaka linachoka. Ile shingo nyeusi? Dalili ya insulini kuzidi!

Misuli haikunidanganya mimi tu. Priscilla Lopes-Schliep wa Kanada alipata shaba ya mita 100 kuruka viunzi, Beijing 2008. Watu wakamsengenya kuwa anatumia dawa. Mama mmoja wa Marekani mwenye kasoro ya LMNA aliona picha zake, akajiona mwenyewe. Vipimo vikathibitisha.

Siku hizi mafuta nakula kidogo, nameza metformini na natembea sana, maana misuli ikifanya kazi huchukua sukari hata bila kubishiwa hodi. Moyo walinipima kwanza, kwani jeni hiyo huweza kuugusa nao.

Kinachoninyima usingizi ni mdogo wangu. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Miguu yake ni kama yangu, na wanaume wanamsifia mwili wa mazoezi. Nikimwambia akapime, ananijibu: "Dada, una wivu wewe!"

Haya bibie, nimekuandika gazetini. Jumatatu saa moja asubuhi, usile kitu, nitakuwa mlangoni kwako napiga hodi. Ufungue.