Taa ya njano ya pikipiki: usiifunike kwa tepu

Tangu tulipozungumza hewani juu ya pikipiki za injeksioni, vijana wengi wa pikipiki hapa Bunia wananiuliza jambo moja: ile taa ya njano yenye umbo la injini kwenye tablo inataka nini? Wengine hawaulizi tena. Wameifunika kwa tepu nyeusi.

Pikipiki nyingi za hapa Ituri bado ni za karbirateri, na hizo hazina taa hiyo. Ila za injeksioni zinazidi kuonekana, nyingine zikiwa zimeuzwa na mashirika baada ya miradi kuisha. Huko India, sheria ya moshi iliyoanza mwezi wa 4 mwaka 2020 ilisukuma viwanda kuacha karbirateri kwa pikipiki za soko lao. Ndani ya pikipiki ya injeksioni kuna ubongo mdogo wa umeme. Vifaa vya kupimia, ambavyo mekanisiye wanaviita kapteri, vinauletea habari za joto, za hewa, za mkono wa gesi, za moshi, nao unaamua esansi kiasi gani iingie. Habari isipofika, au ikifika ya ajabu, ubongo unawasha taa. Kwa hiyo taa haisemi "nunua kifaa fulani." Inasema tu kwamba habari ya upande fulani haieleweki. Kapteri inaweza kuwa nzima kabisa, waya wake ndio umekatika.

Yangu iliwaka nikitoka Komanda, nimeshapita Marabo, saa kumi na moja jioni. Mnaijua barabara ile, saa hizo hakuna anayependa kusimama. Injini ilikuwa inavuta vizuri, haikuchemka, hakuna taa nyekundu, basi nikaja polepole mpaka mjini. Kesho yake garaji ya kwanza ikaniambia ubongo umekufa, dola 180. Hawakufungua hata kifuniko kimoja. (Bei ikitajwa kabla turnevisi haijashikwa, mimi huaga.)

Nikaenda kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mti. Aliweka kontakti bila kuwasha injini, akaniambia, "Mwandishi, hesabu." Taa iliwaka kwa kirefu mara mbili, kwa kifupi mara moja, ikanyamaza, ikarudia vilevile. Kwa Honda nyingi za injeksioni, kirefu ni kumi na kifupi ni moja. Kwa hiyo 21, yaani kapteri ya oksijeni, ile iliyo kwenye njia ya moshi. Ingekuwa 7 tungetafuta kwenye joto la injini, 8 kwenye mkono wa gesi, 9 kwenye joto la hewa inayoingia, 12 kwenye injekteri. Tukafuata waya kwa vidole. Ulikuwa umelalia bomba la moshi, plastiki yake imeyeyuka. Mzee akakata palipoungua, akaunga, akaufunga mbali na bomba. Franka 5.000. Taa ikazimika.

Kijana mmoja wa Kigonze hakupata bahati hiyo. Familia yake ilikimbia kutoka Djugu, naye anaendesha pikipiki ya mtu kwa vesema, pesa anazompa mwenye pikipiki kila jioni. Taa ilipowaka, mwenyewe alimwambia abandike tepu, kwa sababu siku moja ya garaji ni siku moja bila vesema. Baada ya majuma mawili pikipiki ilizimika usiku, mama mgonjwa akiwa nyuma, wakielekea hospitali. Walisukuma, haikuwaka. Ya karbirateri mara nyingi ingewaka, lakini ya injeksioni batiri ikiwa imekufa kabisa, pompo ya esansi haifanyi kazi hata mkisukuma mpaka asubuhi. Mama alimaliza njia kwa miguu, ameshikwa mabegani na dada yake. Alifika, namshukuru Mungu. Kilichokuwa kibaya ni batiri, na kwa kijana vesema ya siku tatu ilipotea.

Basi, taa ikiwaka ukiweka kontakti na kuzimika injini ikishawaka, usihangaike, inajipima tu. Ikibaki inawaka, anza na batiri: ikiwa imepumzika mita ionyeshe kama volti 12,4 au zaidi, na injini ikiwaka ipande karibu 14. Isipopanda, batiri haichajiwi. Kisha zima kontakti, fungua fishi za nyaya moja moja, kausha, ondoa matope, hasa kama pikipiki inaoshwa mtoni. Esansi ya Kadafi iache itulie kwenye chupa nyeupe kabla ya kuimimina, maana maji yanashuka chini na utayaona. Injini ikipoteza nguvu au taa nyekundu ikiwaka, simama mahali penye watu, usijaribu kufika.

Namba nilizotaja ni za Honda. Pikipiki za India na za China zina hesabu zao, na nyingine hazihesabu kwa taa, zinahitaji mashine ya kusomea. Ukinunua ya mkononi, dai kitabu chake kabla ya kutoa pesa, na uombe uwekewe kontakti mbele yako. Taa isipowaka hata kidogo, uliza nani aliitoa.