Kuchagua shoki za nyuma: pima kwanza, nunua baadaye

Leo naomba tuziache kompyuta pembeni kidogo, tuzungumze pikipiki. Kazi yangu ni kuandika programu, na naifanyia nyumbani hapa Kiembeni. Lakini mara mbili kwa mwezi mimi na mke wangu hufunga safari ya Malindi kumwangalia mama yake, ambaye afya yake si nzuri. Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu: Mtwapa, Vipingo, daraja la Kilifi, Gede, ndipo Malindi. Twaenda na pikipiki yetu ya sisi 150, watu wawili na begi la nguo na dawa.

Shokomzoba za nyuma (nitaziita shoki tu, kwa kifupi) zilikuwa zimechoka. Kila tuta lilikuwa pigo la mgongo kwa mke wangu. Safari ya mwisho alishuka, akajinyoosha, akaniambia: "Mume wangu, safari ijayo mimi napanda matatu, wewe uje na punda wako." Mimi nilicheka, lakini kilichonitia hofu zaidi ni kitu kingine. Tukiwa kwenye mwendo wa 80 na lori likitupita, mkia wa pikipiki ulikuwa ukiyumba kama mashua. Hapo si suala la starehe tena, ni suala la kufika.

Fundi wangu alinipa dawa ya haraka: "Kaka, tukaze springi mpaka mwisho, utaona tofauti." Dukani nako nikaambiwa ninunue shoki nene za boda wanaobeba makaa na magunia. Wote wawili walikuwa na jibu kabla ya kujua tatizo. Kwetu sisi waandika programu jambo hili lina historia ndefu. Donald Knuth alionya tangu 1974 kwamba kukimbilia kuboresha programu sehemu isiyohitaji huleta balaa. Programu ikiwa nzito, kwanza unapima ni wapi inapopoteza muda. Kwa nini shoki iwe tofauti?

Hebu tuanze na shoki yenyewe. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti. Springi inabeba uzito. Oili, inayosukumwa kupitia vitundu vidogo, inaizuia springi isirukeruke. Springi isiyo na oili nzuri ni kama kitanda cha chuma: ukikigusa kinacheza mpaka kichoke chenyewe.

Kazi ya springi ilishaelezwa na Robert Hooke mwaka 1678: uzito ukiongezeka mara mbili, springi hubonyea mara mbili. Kwa hiyo inapimika kwa futi ya fundi cherehani. Nilipima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyoweka kwenye mkia, mara nne: gurudumu likining'inia, pikipiki ikisimama peke yake, mimi nikiwa juu, halafu sisi wawili na begi. Jirani ndiye aliyeshika futi.

Gurudumu langu la nyuma lina mwendo wa kama milimita 100. Peke yake pikipiki ilishuka 12. Na mimi, 30. Na sisi wawili pamoja na begi, 61. Kanuni wanayoifuata mafundi wengi wa mashindano na safari ni kwamba ukishakaa, springi iwe imetumia kati ya robo na theluthi ya mwendo wake. Nikiwa peke yangu niko sawa. Tukiwa wawili tumeshakula zaidi ya nusu kabla hatujakutana na tuta hata moja!

Nikajaribu dawa ya fundi. Nikakaza ringi mpaka mwisho: 61 ikawa 50. Bado ni nusu. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu, basi. Kila kilo unayoongeza baada ya hapo inaibonyeza springi kiasi kile kile cha zamani.

Kipimo cha pili hakihitaji futi. Bonyeza mkia kwa nguvu, uachie. Ukirudi juu na kutulia, oili ni nzima. Wangu ulicheza mara tatu. Nikachungulia fimbo ya chuma inayoingia ndani ya shoki, nikaona vitobo vya kutu. Sisi watu wa pwani tunaijua hii: hewa ya chumvi inakula kromu, vitobo vinakwaruza sili, na oili inavuja taratibu. Basi sababu ya kuyumba ikawa imepatikana.

Sasa nilijua nanunua nini. Zile nene za mizigo zingetatua nusu ya tatizo, tena zingeleta lingine. Springi ngumu yenye oili dhaifu inamrusha abiria kwa nguvu zaidi, na abiria wangu ndiye mwenye mgongo. Shoki mpya zinazofanana na za kiwandani zingerudisha oili, lakini springi ingebaki laini kwa watu wawili. Kuna watengenezaji kama Hagon wa Uingereza na YSS wa Thailand wanaouza shoki kwa kuangalia aina ya pikipiki na uzito wa waendeshaji. Nikaagiza jozi yenye gesi ya naitrojeni, springi ya watu wawili. Gesi hiyo huibana oili isifanye povu ikipata joto, kwa sababu povu halizuii kitu. Bei yake ilikuwa mara nne ya zile za dukani, nami sitaki kukudanganya, iliniuma.

Kabla ya kulipa nilihakikisha mambo mawili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na kipenyo cha bolti. Shoki ndefu kuliko ya asili inabadilisha mkazo wa mnyororo na namna usukani unavyojibu.

Zilipofika nikapima upya. Mimi peke yangu, ringi ikiwa chini kabisa: 24. Sisi wawili, ringi namba nne: 35. Mkia unabonyea, unarudi, unatulia. Jumamosi iliyopita tulikwenda Malindi. Lori lilitupita karibu na Vipingo, pikipiki ikanyooka kama reli. Mke wangu alinyamaza mpaka Gede, kisha akauliza kama tunaweza kusimama tununue madafu ya mama. Kuhusu mgongo hakusema neno, na kwangu hilo ndilo jibu.

Kama nawe unabeba mtu nyuma kwa safari ndefu, chukua futi na jirani mmoja. Robo saa inatosha. Ukienda dukani na namba zako mkononi, muuzaji naye atazungumza lugha nyingine.