Ukuta wa Kubomolewa, Ifunda

Ukitoka Iringa mjini unateremka mlima hadi Ipogolo, unavuka Ruaha Mdogo, kisha barabara kuu ya Mbeya inakupandisha tena kuelekea kusini-magharibi. Mwezi wa saba huku sweta haivuliwi kabla ya saa nne asubuhi. Malori unayopishana nayo yanatangaza biashara ya nyanda hizi: mbao za paini, mirunda na nguzo za umeme kutoka Mafinga, ambako msitu wa kupandwa wa Sao Hill umetanda vilima kwa vilima. Pembeni mwa barabara kuna tanuri za matofali, nyingine bado zinafuka moshi, na karibu kila kijiji kina nyumba iliyofika usawa wa lenta ikisubiri mavuno yajayo.

Ungedhani shule ya ufundi ya Ifunda, nilikokuwa naelekea, iliwekwa hapa kwa sababu ya mbao na udongo huo. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ifunda ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa Urusi ya Kisovieti, wakatokea Uajemi, wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru, karibu na Arusha, ndiyo iliyokuwa kambi yao kubwa. Ifunda ilipokea mamia. Vita vilipokwisha waliondoka, wakaacha majengo na makaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaanzisha hapo shule ya kufundisha vijana wa Tanganyika uashi, useremala na fani nyingine. Shule kama hiyo ya Moshi ilifuata mwaka 1957. Baada ya Uhuru zote mbili zikawa sekondari za ufundi, yaani kijana anasoma hesabu na fizikia kama wenzake wa shule nyingine, lakini pia anashika mwiko.

Kipindi cha uashi nilichokikuta kilikuwa cha kidato cha pili. Wanafunzi wamegawanywa makundi ya watu wanne, kila kundi limepewa kona moja ya ukuta: kozi saba, tofali za kuchoma, pande mbili zikutane kwa pembe mraba. Udongo, kama mafundi wanavyouita hata ukiwa hauna udongo ndani yake, ulikuwa mchanga na chokaa tu. Saruji haikutiwa, kwa sababu ukuta huu hautafika jioni. Ukishasahihishwa unabomolewa, tofali zinakwanguliwa na kupangwa tayari kwa darasa la kesho.

Nilisimama karibu na kijana mmoja mwembamba aliyekuwa na zamu ya kupanga. Anachota udongo kwenye karai, anautandaza juu ya kozi iliyotangulia, anauchora mfereji katikati kwa ncha ya mwiko. Anachukua tofali, anaipaka udongo kichwani, anailaza, anaisukuma kidogo hadi igusane na jirani yake, anaigonga mara mbili kwa mpini. Udongo uliojitokeza ubavuni anaukata kwa mwiko na kuurudisha kwenye karai bila kuutazama. Kwa mtoto wa umri ule, mkono wake ulikuwa umeshaanza kuijua kazi.

Mwalimu akafika na timazi. Akakiegemeza kibao chake kwenye kozi ya juu, akaiacha kamba ishuke, akasubiri risasi iliyo mwishoni mwake itulie. Kama ukuta umesimama wima, risasi ile hugusa tofali za chini kwa ubavu tu. Hapa haikugusa. Palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole, maana yake ukuta umetoka nje kichwani.

"Unaonaje?" akamuuliza.

"Naona uko sawa, mwalimu."

"Sijauliza macho yako. Timazi inasemaje?"

Kijana akainama, akatazama, akanyamaza. Mwalimu akageuza kile kimya kuwa hesabu. Kona ile ilikuwa na urefu wa nusu mita, na mwanya ulikuwa karibu sentimita moja. Nyumba ya kawaida inapanda hadi mita tatu. Kosa ni kiasi gani kule juu? Kundi zima likajibu kwa pamoja: sentimita sita. Ukiweka kenchi na bati juu ya ukuta uliotoka nje sentimita sita, uzito haushuki tena katikati ya msingi. Kozi nne zikavuliwa, zikaanza upya, na hakuna aliyenuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shule ya namna hii inafundisha nini. Kupanga tofali kunafundishika popote. Kijana yeyote anayebeba zege mwaka mzima kwenye saiti za Iringa atajua kupanga. Kinachofundishwa hapa ni kutoliamini jicho lako hadi lithibitishwe na kamba, pima maji na timazi, na kukubali jibu la vyombo hivyo hata kama wewe ndiye mjuzi kuliko wote waliopo.

Nje, kwenye uwanja, kundi jingine lilikuwa linaseti jengo. Wamekita vigingi, wamevuta kamba, wanatafuta kona ya mraba kwa njia ambayo mafundi wa nchi nzima wanaijua: tatu, nne, tano. Unapima mita tatu upande huu na mita nne upande ule, halafu futi kamba isome mita tano kutoka alama hadi alama. Isiposoma tano, kona si mraba, unasogeza kigingi. Fundi wa mtaani hujifunza kanuni hii kwa kuambiwa. Hawa waliikuta ubaoni kwenye kipindi cha hesabu, chini ya jina la Pythagoras, kabla ya kukanyaga umande. Mmoja wao alinieleza, bila kuulizwa, kwamba sita, nane na kumi ni bora zaidi kwa jengo kubwa, kwa kuwa kosa la kupima linakuwa dogo ukilinganisha na urefu wa kamba.

Nchi imekuwa ikirudi kwenye wazo hili la kuunganisha darasa na kazi ya mikono kila baada ya muda. Mwalimu Nyerere aliliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mwaka 1994 sheria ikaunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na utekelezaji ulianza Januari 2024. Anayesoma amali hufanya mitihani ya masomo ya kawaida ya baraza la mitihani, NECTA, na ujuzi wake unapimwa kwa utaratibu wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Kwenye karatasi, kijana anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa na njia mbili mkononi: aendelee na shule, au aingie kazini.

Kwenye saiti mambo hayajanyooka hivyo. Mchana nilitoka hadi barabarani, ambako mafundi watatu walikuwa wanainua fremu za maduka. Nilimwamkia mkubwa wao.

"Marahaba. Karibu, kamwene," akajibu kwa salamu ya huku.

Alijifunza kazi kwa mjomba wake, akaanza kama saidia fundi, hajawahi kuingia karakana ya shule. Nilimuuliza kuhusu vijana wanaotoka huko. Akacheka.

"Wanajua kusoma ramani kunizidi, hilo siwezi kukataa. Lakini ni wazito. Tofali moja wanaipima kama wanampima mgonjwa. Mimi tajiri hanilipi kwa timazi. Ananilipa kwa tofali."

Timazi yenyewe ilikuwepo, imening'inia kwenye msumari kivulini. Alisema huitumia "panapokuwa na shaka". Sikumwona kama mzembe: kuta zake, kwa macho yangu yasiyo na cheti, zilisimama vizuri. Lakini maneno yake yalitaja ugonjwa ambao hakuna mtaala utakaoutibu peke yake. Mwenye nyumba anapolipa kwa idadi, anapopunguza saruji kwenye mchanganyiko ili mfuko ufike mbali, anapoona kumwagilia zege siku saba ni kupoteza maji, anayejua kipimo sahihi anageuka kuwa mtu wa kuchelewesha kazi. Gharama yake tunaifahamu. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na sehemu kubwa ni maamuzi ya watu wasioshika mwiko kabisa. Hata hivyo, katika kila saiti yupo mtu wa chini anayeona jambo haliko sawa na asiyejua aanzie wapi kulisema.

VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na mzee yule alikuwa ameusikia. "Wakija hapa nitafanya," alisema. "Kwenda mjini kukaa darasani, kazi nitamwachia nani?"

Nilirudi shuleni nikimfikiria yule mtu wa chini asiyejua aanzie wapi. Kona zilikuwa zimeshabomolewa, wanafunzi wanakwangua tofali. Nikamuuliza yule kijana mwembamba: siku ukiwa saidia fundi, ukaona ukuta wa fundi mwenye umri wa baba yako umetoka nje, utamwambiaje?

Baadhi ya wenzake walisema atamwambia ukweli. Wengine walisema atanyamaza, asije akafukuzwa. Yeye alifikiri kwanza.

"Siwezi kumwambia mtu mzima amekosea. Nitamletea timazi, nimwambie, mzee, naomba unifundishe inavyotumika. Atauona mwenyewe."

Mwalimu alicheka hadi akafuta macho. Jibu lile haliko kwenye mtihani wa NECTA wala wa NACTVET, lakini ndilo litakaloamua kama elimu ya karakana itavuka geti la shule. Wizara inaweza kuongeza madarasa na zana, na inapaswa. Sisi tunaojenga tuna kazi nyepesi zaidi: tumlipe fundi kwa ukuta ulionyooka badala ya hesabu ya tofali, ili kijana wa namna hii asilazimike kutumia hila kusema anachokijua.