Usiniambie "Kuwa Fundi" Kama Hunipi Soketi

Wasee, nilipoacha chuo kila mtu alikuwa na ushauri uleule: "Nenda gereji, fundi halali njaa." Hapa Taru malori ya barabara ya Mombasa hayaishi, kwa hivyo kazi ipo. Kinachomlaza fundi njaa ni kukosa vifaa.

Chukua nati ya gurudumu iliyoshika kutu. Soketi ya pembe 12 inaishika karibu na kona tu. Ukilazimisha, inazila kona na nati inabaki duara. Soketi nene ya pembe 6 inabana kwenye ubapa. Mkono uleule, nati ileile, matokeo tofauti kabisa.

Sasa njoo kwenye stadi ya injini, ile boliti isiyo na kichwa. Ikigoma, fundi mjanja anafunga nati mbili juu yake, anazikaza zibanane, kisha anaizungusha ile ya chini na stadi inatoka nayo. Ikikatika, anachomelea nati kwenye kisiki, na joto lenyewe linasaidia kulegeza kutu. Hapo ni akili, si ubabe wa nyundo. Lakini nati mbili zataka spana mbili, na kuchomelea kwataka mashine na stima.

Basi wazazi na waheshimiwa, mkitwambia tujiajiri, ulizeni kwanza seti ya soketi ni pesa ngapi. Cheti cha ufundi hakifungui nati. Ustadi tunao, leteni spana.